Taa Nyekundu ya Kabula

Baba Kulwa, nakusalimu: mwadila. Hata aibu huna? Tumelima, tumevuna, tumelima tena, hujaja hata ndotoni. Marehemu wa jirani anakuja kila mara, tena anadai ugali. Wewe kimya, kama mtu aliyeoa huko.

Anayeandika ni Kabula. Mimi nasema, yeye ananitazama mdomo. Mjukuu wako bado hasikii tangu ile homa, lakini kwa mdomo wa mtu hapitwi na neno. Nimemwambia asiyapambe maneno yangu.

Sasa sikia. Kabula alipata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa kufunga marobota. Msimu mzima hakuna aliyemlalamikia. Akaja supavaiza mpya. King'ora cha kuwasha mashine kikalia, watu wakakaa pembeni, Kabula ameinama na robota lake. Yule bwana akamvuta mkono: "Huyu atatufia hapa!" Kabula akarudi nyumbani na barua ya kusimamishwa. Akaniambia, "Bibi, nikiikosa kazi hii, nani atanichukua tena?" Nikajifunga khanga niende kumtandika mtu. Kabula akanipeleka kwa afisa kazi badala yake.

Afisa mwenyewe ni mama mmoja wa kutoka Tanga, mpole. Akasema, "Bibi, sheria haimruhusu mwajiri aseme tu huyu hasikii, aende. Kwanza akae naye, amuulize, nikubadilishie nini hapa uweze kufanya kazi? Kama kinawezekana bila kumlemea, akifanye." Nikauliza, anamuuliza yeye mwenyewe? "Yeye mwenyewe." Nikauliza tena. Mimi sijawahi kuona tajiri anamuuliza kibarua.

Basi kiwandani wakamuuliza. Kabula akasema: taa. Nyekundu, ukutani mbele yake, iwake pamoja na king'ora, mashine isubiri kidogo. Fundi umeme akaimaliza kabla ya chai.

Nikaenda kuiona, si unanijua. Kitaa chenyewe kama ngumi ya mtoto! Nikamuuliza fundi, na umeme ukikatika? Akacheka: "Bibi, umeme ukikatika na mashine inalala." Nikaona kweli. Nikamwambia awashe tena. Na tena. Kila ikiwaka, Kabula huyo pembeni kama swala.

Hapo nikakukumbuka, mzee. Mashine za kiwanda hicho hicho zilikula masikio yako, halafu wakakurudisha nyumbani eti husikii king'ora. Nikamuuliza yule mama afisa, na mume wangu je? Akasema sheria hii ilikuja baadaye. Sawa. Lakini taa zilikuwepo, Baba Kulwa. Mlangoni kwa meneja ilikuwa inawaka mchana kutwa.

Na mimi. Nilikuita mvivu. Nilikupigia kelele nikidhani unanidharau, mpaka ukanionyesha kwamba nikikanyaga chini unasikia kwa miguu. Ulijitafutia njia mwenyewe. Hakuna aliyekuuliza. Hata mimi sikuuliza, na nilikuwa nalala nawe kitanda kimoja. Unisamehe.

Kabula amerudi kazini. Wakimgusa tena nitakwenda. Safari hii nitauliza kwanza, ndipo nigombe. Hilo nakuahidi.

Pumzika, mume wangu. Siku ukija, mimi niite, masikio bado ninayo. Kabula usimwite. Kanyaga chini mara mbili, kama ulivyomfundisha, tena kwa nguvu. Atageuka.