Salamu kwa Baba wa Burnt Forest

Mpendwa Chebet,

Sisi hapa Munyaka tuko wazima. Mguu wa babu yako umepata nafuu, na ng'ombe amezaa ndama jike. Ukianza kutangaza redioni asubuhi, babu yako hunyamazisha nyumba nzima.

Unauliza tulisikiliza nini enzi zile redio ilikuwa ya serikali peke yake. Mimi nilipenda kipindi cha salamu. Ulinunua kadi, ukaandika majina ya watu wako, ukaituma kwa posta, kisha ukangoja mtangazaji aisome.

Baba yangu aliishi Burnt Forest. Hatukuwa tukisemezana tangu niolewe na babu yako, fundi cherehani kutoka Murang'a, bila ridhaa ya baba. Barua zangu hakuzijibu. Basi nikatuma kadi ya salamu, nikaandika jina lake peke yake.

Wiki zikapita. Sikuisikia ikisomwa, nikakata tamaa. Jumamosi moja mchana nikamkuta baba mlangoni, amebeba viazi.

"Watu wote dukani walisikia jina langu kwa redio," akasema. "Wakaniuliza, 'Mzee, binti yako anakusalimia, umemwitikia?'"

"Ukawaambia nini?"

"Sikuwaambia kitu. Nimekuja kuitikia."

Babu yako akaacha kushona, akampa kiti chake. Hakuna aliyeomba msamaha siku hiyo. Tulimenya viazi tu, baba akicheka na babu yako.

Kwa hivyo ukipewa majina ya kusoma, mama, yasome polepole.

Mimi bibi yako ninayekupenda,
Gogo