Mshipa wa Ba'mdogo Uwesu

Amiri, Kibakwe siendi tena!

Si unaujua mguu wa ba'mdogo Uwesu, ule mshipa wa fahamu uliobanwa vidoleni? Leo tumeenda huko kumposea mchumba wake Sikuzani, naye mwenyewe akang'ang'ania kuja. Baba mkwe akauliza mbona tumechelewesha posa. Ba'mdogo, kifua mbele: "Nilikuwa natibiwa mshipa."

MSHIPA! Hakusema wa mguu!

Wote wakaelewa ngiri, kaka. Nyuma ya pazia wanawake wakaguna. Mzee akakohoa: "Na watoto… utaweza?"

Ba'mdogo anatabasamu! "Daktari kanichoma sindano palepale. Kanikataza kuvaa vya kubana tu."

Palepale, Amiri!

Nikamnong'oneza walichoelewa. Akaruka: "Hapana! Ngojeni niwaonyeshe!"

Akapandisha kanzu.

Wazee wote wakafumba macho.