Maziwa ya Shiru na Sifa za Baba Yake

Jumapili jioni, Julai 2008. Nakuru.

Baridi ya leo imeingia mpaka kwa mifupa. Manyunyu tangu asubuhi, nepi zimetundikwa kila kiti na hakuna hata moja iliyokauka. Nina hasira, na hapa angalau sitajifanya sina.

Ijumaa mume wangu alimchoma Shiru mdomo.

Hakukusudia. Hilo nalijua vizuri. Nilikuwa kazini, kwenye agrovet ninakouza mbegu na dawa za kuku, na Kamau yuko likizo, kwa hivyo alibaki na mtoto. Shiru ana miezi saba, na akishikwa na njaa mtaa mzima unajua. Kamau akatoa chupa ya maziwa kwa friji, akaitia ndani ya maikrowevu, akaigusa kwa nje, akaona ina uvuguvugu tu. Akampa.

Na nilikuwa nimemwambia! Nilimwonyesha hata kwa githeri, mahindi na maharagwe ya jana: sahani inatoka ikifuka moshi pembeni, lakini katikati mahindi ni baridi kama mawe. Ile mashine haipashi chakula sawasawa. Lazima ukoroge, urudishe, ukiache kitulie kidogo ndipo ule. Na maziwa ya mtoto usiyaweke humo kabisa. Weka chupa kwa bakuli la maji moto, itikise, udondoshee mkononi kwanza. Akanijibu, "Nimeskia, mama." Macho yalikuwa kwa televisheni.

Simu ilipokuja nilitoka mbio na aproni ya duka. Niliwakuta kliniki, Shiru amelia hadi sauti imekwisha, lengelenge limemtoka kwenye ulimi. Nesi alieleza kwamba nje ya chupa inaweza kupoa na ndani maziwa yawe yanachoma. Bahati nzuri aliyatema mengi. Kidonda kitapona.

Halafu nesi, huku Kamau ndiye aliyembeba mtoto, akanigeukia mimi.

"Na mama ulikuwa wapi?"

Kamau akatazama viatu vyake.

Jana ndiyo ilinimaliza. Jirani alipita kutuona, akatikisa kichwa: maskini Baba Shiru, angalau amejaribu. Amejaribu! Mimi nimepasha maziwa hayo miezi yote na hakuna aliyewahi kuniambia nimejaribu. Kisha mama mkwe akafika kutoka Dundori na gunia la viazi. Alimkumbatia mwanawe mlangoni. "Pole sana, baba. Wewe hukuzoea mambo ya jikoni." Alipomaliza kumpa pole akaketi, akaniambia, "Mama Shiru, hiyo kazi ya duka uiache. Mtoto anaumia na wewe unauzia watu mbegu."

Nilimngoja Kamau aseme kitu. Alikoroga chai yake mpaka ikapoa.

Naipenda kazi yangu. Sijui kwa nini naandika hivyo kana kwamba naungama.

Leo baada ya chakula cha mchana mama mkwe akaanza tena. "Kwani mmekubaliana utaacha lini?"

Mmekubaliana! Niliinuka bila kumjibu. Nikajaza chupa maziwa, nikaitia ndani ya maikrowevu vile vile alivyofanya Kamau, nikaja kumwekea mkononi mbele ya mama yake.

"Ni moto?" nikamuuliza.

"Hapana. Iko sawa tu."

"Basi onja. Kidogo tu."

Sijui alitaka kumwonyesha nani nini. Alifungua chupa, akapiga funda kubwa kama mtu anayekunywa soda. Mara akaruka kwa kiti, maziwa yakamwagika kwa shati na kwa kitambaa cha meza, mkono umeziba mdomo.

Mama mkwe alishakimbilia maji. "Pole, baba! Pole, pole!" Kisha akanikazia macho. "Na wewe, mbona hukumwambia ni moto?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, na machozi yaliyonitoka hayakuwa ya kicheko peke yake.

Ndipo Kamau akasema, kwa ulimi mzito, "Mum, aliniambia. Hata ya Ijumaa aliniambia. Mimi ndio sikushughulika."

Mama mkwe akakunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena. Baadaye akasema kesho atarudi Dundori mapema, ng'ombe wanamngoja.

Hiyo sentensi ya Kamau nimeingoja tangu kliniki. Imekuja, na nimeshukuru. Lakini mbona ilibidi kwanza ulimi wake mwenyewe uungue? Wa Shiru haukutosha?

Sasa hivi yuko jikoni, anachemsha maji kwa sufuria. Sijamtuma.

Kesho asubuhi nafungua duka. Likizo yake haijaisha, na mtoto anabaki na baba yake.