Giza Nyuma ya Maua

Jumamosi, 3 Machi 2018

Nimempata Chonge. Jina nimempa mimi, kwa sababu petali yake moja imechongoka kama jino la mbwa. Siku zote tano kliniki napiga picha vinywa vya watu — hata msituni sasa naona meno tu. Okidi yenyewe haizidi punje ya mchele. Imeota kwenye tawi lenye kuvumwani, ule utando wa kijani wa magomeni, juu ya kijito, na ili niifikie nilisimama juu ya gogo huku Linah, mwenzangu wa kliniki, akinishika kiuno kwa mkono mmoja na mwavuli kwa mwingine.

"Dada Doro, ruba ameingia soksi. Ukimaliza na bibi harusi wako unikumbuke na mimi."

Petali ya chini imetobolewa na kiwavi. Tundu dogo, la mviringo, kama limepigwa na sindano. Nikalipenda hilo tundu kuliko ua.

Flashi nimezifunika kwa kipande cha kifuniko cha ndoo ya aiskrimu, mwanga usichome. Lenzi nimeifunga tundu karibu lote ili ua litoke kali mpaka kwenye vinyweleo. Mwanga wa flashi haufiki mbali, kwa hiyo nyuma kunatoka giza tupu. Ndivyo nitakavyo. Ua linaonekana, mahali halionekani.

Kurudi tukapitia kwa Gego, yule wa njano niliyempiga picha kabla ya Krismasi. Hayupo. Si kwamba amenyauka — tawi lote halipo. Linah alisema labda upepo.

Upepo haukati sawasawa.

Jumapili, 4 Machi

Baada ya misa mume wangu Taimin alitaka kuona picha. Miaka yote aliniita fundi wa magugu. Tangu Krismasi ananivutia kiti. Alikula wali na achari ya bambangan, embe letu la mwitu, kamera iko pembeni ya sahani, anabonyeza kwa kidole kisicho na mafuta.

"Mama Jeni, hii ni kazi ya mtu mzima kweli. Lakini mbona nyuma giza? Mtu hajui ua liko mtini au kaburini."

Nilimweleza habari ya flashi. Akasikiliza mpaka mwisho — Taimin, ambaye hunikatiza hata nikisali. Nilifurahi. Naandika ili nikumbuke kwamba nilifurahi.

Alhamisi, 8 Machi

Linah ameniuliza mara mbili leo, wagonjwa wamejaa barazani, Jumamosi tutapita wapi. Kwa nini anataka kujua mapema? Zamani alikuwa anafuata tu. Pia ana simu mpya. Anasema kaka yake kamtumia kutoka Johor.

Labda kamtumia kweli.

Jumamosi, 17 Machi

Chonge ameondoka.

Nilikwenda peke yangu, nilimwambia Linah ninaumwa kichwa. Gogo lipo, kijito kipo, tawi halipo. Juu ya kuvumwani kulikuwa na unga wa mbao bado mweupe. Nilipiga picha ule mkato kwa lenzi ileile, flashi ileile, kwa karibu kama jino bovu. Msumeno wa mkono. Aliyekata alianza chini kidogo, kisha akamalizia juu, ili gome lisichanike likashuka na shina.

Tulioliona tawi lile ni wawili. Mmoja ni mimi.

Nilikaa kwenye gogo mpaka makalio yakalowa. Sikulia. Nilihesabu watu, na kila nikihesabu napata Linah.

Jumatatu, 19 Machi

Nimemwambia. Kwenye chumba cha kuchemshia vyombo, mlango umefungwa. Nilikuwa nimepanga maneno ya upole lakini yalitoka mengine. Nilimuuliza anawauzia nani.

Hakupandisha sauti. Aliendelea kupanga vioo vya kinywa kwenye trei, kimoja kimoja.

"Dada Doro, mimi naogopa ruba. Naogopa nyoka. Msitu siupendi hata kidogo. Nilikuwa nakuja kwa sababu ulikuwa unaenda peke yako, na mume wako alikuwa anakucheka mbele za watu."

Nikamwambia hilo si jibu.

"Basi tafuta jibu lako. Mwavuli wako nimeuacha nyuma ya mlango."

Mchana alikula na wahudumu wa chanjo. Mwavuli aliukunja vizuri na kuufunga kamba. Mwizi angeukunja hivyo? Au mwizi ndiye angeukunja hivyo.

Jumatano, 21 Machi

Linah kanitumia picha kwenye simu bila neno hata moja. Ameiweka mtu asiye na jina la kweli, kwenye ukurasa wa mtandaoni wa wanaouza na kununua mimea. Chonge! Yuko kwenye kipande cha tawi lake, amelazwa, amepigwa picha ovyo kwa simu. Petali ya chini ina tundu la mviringo. Nilikuza picha yangu, nikakuza ile, nikaziweka pamoja. Tundu ni lilelile. Ningelitambua hata kizani.

Chini ya tawi kuna turubai la buluu lenye ukingo mweusi.

Gari ambalo Taimin hupelekea kabichi zetu sokoni lina turubai la buluu. Ukingo ni mweusi. Lakini nusu ya watu wa hapa Kundasang wanafunika mboga kwa maturubai hayo, duka lililoyaleta ni moja. Mjomba wa Linah pia analo. Nimemwandika mjomba wa Linah, na nimetaka kumfuta.

Nimemjibu Linah: asante. Ameisoma.

Alhamisi, 22 Machi

Sijalala vizuri. Taimin alikata magogo kwenye kampuni za mbao kabla Jeni hajazaliwa. Mwanzo wa ndoa yetu aliwahi kunionyesha jinsi ya kukata tawi bila kuchana gome: chini kwanza, kisha juu. Alijisifu kwamba mti wa mtu mjinga unajulikana kwa gome lake.

Wanaume wangapi hapa walikata magogo? Wote.

Nimeanza kukumbuka namna anavyotazama picha. Halitazami ua. Huvuta picha pembeni, pale tawi linapotokea kwenye giza kidogo, akakaa hapo. Nilidhani ni ushamba wa kamera. Yule mtu anaujua mti kwa gome tu, kama mimi ninavyomjua mgonjwa kwa gego.

Jumapili, 25 Machi

Jumapili ya Matawi. Kila mtu kanisani na tawi mkononi, na mimi badala ya kusali natazama mikato. La Taimin limekatwa safi. La Linah limevunjwa kwa mkono, nyuzi zinaning'inia.

Sikumfuata baada ya misa. Nilitaka. Aliondoka na mama yake.

Jumatano, 28 Machi

Leo nimemjaribu Taimin. Wakati wa chai nikasema nimeona okidi nyingine ngeni, kule ng'ambo ya daraja la kamba. Hakuna okidi ng'ambo ya daraja, kuna shamba la zamani la mpira lililokufa.

Taimin alicheka. "Kule? Kule hakuna mti wa kubeba okidi, mama Jeni. Unanitania."

Nimeshindwa kujua kama nimemkamata au nimemsafisha. Mtu asiye na lake jambo angesema tu, hongera.

Jumamosi, 31 Machi

Tumetoka msituni sasa hivi. Mimi na Taimin.

Alisema mwenyewe asubuhi: "Linah wako amekususa, nitakushikia mwavuli." Miaka mingapi nimeyangoja maneno hayo? Nilitaka kukataa na nilishavaa kofia.

Alipanda taratibu ili nisiachwe. Alinitoa ruba shingoni kwa ncha ya kisu, akapuliza pale palipotoka damu. Juu kabisa, karibu na jiwe lenye ufa, tulikuta okidi nyeupe ambayo sijawahi kuiona hata kwenye vitabu vya mimea vya daktari wetu wa kliniki. Koo lake la zambarau, ndani vinyweleo kama brashi ya mtoto. Alishika flashi kwa mkono imara kuliko Linah, akaisogeza kabla sijamwambia. Tukawa vichwa vimegusana juu ya ua moja dogo. Nilisikia anavyopumua. Nilifikiri: kama si yeye, mimi ni mtu mbaya sana.

Kisha akasema, "Zima flashi mara moja, tupate na mti."

Nikamuuliza wa nini.

"Wa kumbukumbu. Siku moja mimi na wewe tulikuwa hapa."

Sikuzima. Nilipiga zote na giza nyuma. Njiani alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, na mara mbili aligeuka kutazama tulikotoka.

Tulipofika nilitoa kadi kwenye kamera kabla sijavua viatu. Nimekaa chumbani, kadi iko kiganjani, imepata joto.

Ameita kutoka sebuleni. "Mama Jeni, kamera inasema haina kadi."

Nimemwambia huenda nimeiangusha njiani.

Nimesikia kiti kikivutwa. Kisha sauti yake, ya upole kabisa, sauti aliyoniposea:

"Si neno. Mti naukumbuka. Nitakurudisha."

Sasa yuko uani anafungua stoo. Anasema kabla mvua haijaja apunguze tawi la mchungwa, linagusa paa. Nimechungulia dirishani. Linagusa kweli. Lakini mkononi ana msumeno, na begani ana ule mfuko wake wa kupandia mlima.

Nimempigia Linah. Simu inaita.