Jiwe la Bafuni

Shoga, upo? Nimekwisha.

Ile sugu ya unyayoni niliyokuwa naisugua kwa jiwe kila nikioga, kumbe si sugu. Ni chunjua! Daktari kaikwangua, akanionyesha vidoa vyeusi ndani. Virusi, shoga. VIRUSI.

Kanipa dawa ya kupaka, kasema itachukua wiki nyingi. Hapo sawa. Halafu akauliza, "Hilo jiwe la kusugulia unalitumia peke yako?"

Peke yangu! Mama mkwe si yuko kwangu tangu mwezi uliopita? Si ndiye anayetoka bafuni visigino vinang'aa, "Mwanangu, jiwe lako hili lina baraka"?

"Litupe leo leo," daktari kasema. "Linaambukiza."

Nimekimbia nyumbani. Jiwe hakuna. Mama mkwe naye kesharudi kwake, kaondoka nikiwa kwa daktari.

Nikampigia. "Mama, lile jiwe..." Hata sijamaliza, akacheka. "Usinune, mwanangu, nimelichukua mimi. Wewe utanunua jingine."

Unajua nilisema nini? "Hamna neno, mama." Hamna neno!

Sasa hivi kanitumia picha. Dada zake wote wamekaa barazani, miguu kwenye beseni moja, wanapokezana jiwe.

Wananishukuru.