Yago Mahali pa Maxwell

Jumatatu, 4 Machi 2024
Mwalimu wa ngumbaru alisema moyo ukijaa, andika. Haya, naandika. Boti ya mtoto wangu Maxwell ilizama Januari, akienda kisiwa cha Remba. Wenzake walipatikana. Yeye hapana. Ziwa lote hili na hakuna mtu amemwona!
Leo mke wake, Filister, amepika omena. Nimeipiga sufuria teke. Samaki wamekaa na Maxwell huko chini, halafu mimi niwatafune? Ameinama, anaokota. Heri angenitukana.

Jumatano, 6 Machi
Beverlyne wa afya ya kijiji amenitembelea. Ati hasira ikipanda nipumue polepole, nihesabu mpaka kumi. Nimemwambia nimefika mia na bado natafuta wa kuchapa. Akacheka, mjinga huyu. Nami nikacheka — kumbe ni kilio. Nimemlowesha sare yote. Nikamtilia chai, sukari nyingi.

Ijumaa, 15 Machi
Shemeji Job amekuja na wazee. Wanataka tuzike yago. Mtu akikosekana ziwani, tunda la yago, lile kubwa refu la porini, linafungwa shuka yake, linaombewa, linalala kaburini mahali pake. Nikasema sikuzaa tunda mimi.
Job akauliza, "Mama Max, tukae hivi mpaka lini?"
Mpaka arudi! Nimewafukuza na ufagio. Wazee wazima, mbio!

Jumapili, 17 Machi
Mvua. Filister nimemkuta amesimama nje ya boma la jirani, anaongea na rafiki yake aliye ndani ya ua, maji yanamtiririka. Bado hatujazika, kwa hivyo haingii kwa mtu. Ni mkosi, wanasema. Nikamvuta nyumbani kwa mkono, nikamfuta kichwa na leso yangu. Nikamgombeza, unataka homa?
Akasema polepole, "Mama, mimi si mke wa mtu, si mjane. Niambie basi mimi ni nini."
Nikaikamua leso tu. Mimi na mdomo huu!
Nimempigia Job. Alete hilo tunda.

Alhamisi, 21 Machi
Limekuja. Limefungwa shuka ya Maxwell, ile ya buluu. Wameniachia chumbani nikae nalo kidogo kabla ya maombi. Nilifikiri nitalitupa dirishani. Nikalibeba tu.
Zito! Zito vile alikuwa kabla ya kuota meno.
Sasa liko mapajani, naandika juu yake. Shimo liko tayari, kwaya wameanza. Job ameita kwa dirisha, nikamwambia aende akaimbe. Filister anabisha. Mama, saa imefika. Nimesema naja. Anabisha tena, na sasa analia, huyu ambaye sijamsikia akilia tangu Januari.
Naja, binti yangu. Subiri. Naja —
Nimejaribu kusimama. Mikono imekataa kumwachilia. Nimeandika kumwachilia. Kuliachilia. Mlango unafunguka na mimi bado