Boksi Dogo la Kore Nane

Jumatatu, 14 Julai

Umeme umekatika mara tatu kabla ya saa sita mchana. Kila ukikatika kazi inaanza upya. Nimelipiga ngumi boksi la kompyuta. Kidole kimevimba, boksi limekaa tu kama gunia la mihogo.

Juzi nilikuwa Kilimarondo narekodi harusi. Betri ilikuwa inaelekea kuisha. Nikaingia ndani kuchukua nyingine, nikaacha kamera kwenye stendi inarekodi yenyewe. Nikasikia mayowe. Nilipotoka, Masanja, mfugaji, yuko chini, vidole viwili havipo. Issa, mdogo wangu wa tumbo moja, kasimama na panga, paji la uso linavuja damu. Kamera imeanguka. Faili la video halikujifunga, halifunguki.

Issa anasema walizozana kuhusu ng'ombe walioingia kwenye ufuta wake. Masanja akampiga fimbo ya uso, ndipo yeye akaokota panga kujitetea. Wanaume waliokuwepo wanasema hivyohivyo. Namwamini. Nataka kila mtu aone. Nina hasira hadi meno yananiuma.

Jumanne, 15 Julai

Mwenyekiti wa kijiji amepiga simu. Vijana wamenoa mapanga. Wanataka kuchoma maboma ya wafugaji wote, si la Masanja peke yake. Amewazuia kwa neno moja tu: video. Watasubiri hadi Jumapili waone nani alianza. Baada ya hapo hawezi kuwashika.

Programu ya kutengeneza faili lililoharibika inataka siku tatu bila kukatika umeme. Kompyuta yangu ina kore mbili. Yaani prosesa, ubongo wake, ina wafanyakazi wawili tu. Nimepanda basi hadi Ruangwa kwa fundi Bakari. Kaniazima mashine ya kore nane, kaboksi kadogo kanakoingia kwenye mkoba, na betri ya kushikilia umeme. Kaniapia. Nane ni mbili mara nne, kazi ya siku tatu itaisha chini ya siku moja. Nimerudi nyumbani Nachingwea nimekapakata njia nzima.

Jumatano, 16 Julai

Nimekajaribu kwanza kwa harusi nyingine, ya wiki iliyopita. Kuandaa video nzima kulikuwa kunakula asubuhi yote. Leo imekamilika bado nasonga ugali. Nimecheka peke yangu jikoni.

Kisha nikaweka faili la Kilimarondo. Nimefua. Nimesali. Asilimia mbili. Nimeenda sokoni, nimerudi. Asilimia nne. Mwendo uleule wa lile boksi kuukuu. Bakari angekuwa hapa ningempasua.

Alhamisi, 17 Julai

Bakari amekuja. Nimemzaba kofi kabla hajavua viatu. Hakurudisha. Aliketi, akafungua ukurasa unaoonyesha kazi ya kila kore. Mistari minane. Mmoja unapanda na kushuka. Saba imelala.

Akanieleza huku kashika shavu. Harusi inagawanyika, kila kore inachukua fungu lake. Faili hili linasomwa kipande kwa kipande, na cha pili hakieleweki kabla ya cha kwanza. Programu yenyewe imeandikwa itumie kore moja. Watu wanane, jembe moja.

"Mbona uliniapia?"

"Dada, hata mimi nilikuwa naamini hivyo. Ndivyo ninavyowaambia wote."

Akabadilisha diski, akaweka ya SSD, inayosoma haraka, akahamishia faili humo. Sasa inakwenda. Kumbe kilichokuwa kinatuchelewesha ni diski, nasi tunahesabu kore. Nimemwomba radhi, nimempikia chai. Bado nina hamu ya kumpiga mtu.

Ijumaa, 18 Julai

Asilimia tisini. Programu inaruhusu kutazama sehemu iliyokwisha kupona. Masanja kakaa kwenye mkeka anakula pilau, sinia mapajani. Baba wa bibi harusi ndiye aliyemwalika. Fimbo yake imeegemezwa ukutani, mbali. Issa anapita mbele ya kamera mikono mitupu. Anarudi. Panga kalibana ubavuni, kalifunika kwa shati. Picha inakomea hapo.

Nimerudisha nyuma, nikatazama tena.

Nimempigia Issa simu, nikamwambia nilichokiona. Nikamtukana matusi ambayo sitayaandika hata humu. Alinisubiri nimalize.

"Dada, mashine zinakufa kila siku. Nani atakuuliza?"

Hakuna. Wote wanajua umeme wetu. Nikichomoa waya, Jumapili maboma yatachomwa wanawake na watoto wakiwa humo, na Issa atabebwa juujuu. Nisipochomoa, anafungwa. Nilimlea mgongoni, huyu. Niliushika waya, nikauachia, nikaushika tena.

Sijauchomoa. Kesho sijui.

Jumamosi, 19 Julai

Issa ameingia saa nne asubuhi. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja mezani akaanza kukata kwa panga. Skrini. Kibodi. Boksi, tena boksi. Nikamrukia mgongoni, nikamng'ata sikio. Kanitupa ukutani. Nikachukua mchi, nikampiga mkono wa panga. Nikausikia mfupa ukivunjika. Panga likaanguka, akalia kama alivyokuwa akilia utotoni. Nikampiga tena. Nilitaka kumpiga tena, na nikampiga.

Alitoka amekumbatia mkono, ameridhika.

Kavunja lile kuukuu. Kubwa, zito, lenye taa. Siku niliyotoka kwa Bakari nilimwambia nimepata mashine yenye nguvu mara nne, naye akatafuta kubwa. Ya kore nane ilikuwa sakafuni nyuma ya ndoo ya maji, inaendelea na kazi.

Saa tisa nimeazima skrini kwa jirani. Asilimia mia. Issa anamjia Masanja kwa nyuma. Mtu anapiga kelele, Masanja anageuka, anainua sinia. Panga linashuka. Wanaume saba wamesimama kando, mikono ina wali. Hasogei hata mmoja. Issa anarudi kinyumenyume, anajikwaa kwenye stendi, paji la uso linagonga kamera. Uso wake unajaa skrini nzima. Halafu giza.

Jeraha lile ni la kamera yangu. Hakupigwa fimbo na mtu.

Jumapili, 20 Julai

Nimewaonyesha, ofisi ya kijiji, Kilimarondo. Nilirudia mara mbili. Wale saba walitazama miguu yao. Wakati natoka mmoja kanirushia jiwe, limenipata bega. Lakini mapanga yamerudi majumbani. Polisi wamemchukua Issa. Mama kasema nisikanyage kwake.

Jumatano, 6 Agosti

Bibi harusi kaomba niondoe zile dakika za mwisho kwenye video ya harusi yake. Nimeziondoa. Mistari yote minane ilipanda juu, na chai yangu haikuwahi kupoa.

Nimempelekea Issa chakula mahabusu. Mkono wa kulia bado umefungwa hogo la plasta, na kwa wa kushoto hataki kula. Nikanawa, nikamega tonge, nikamlisha. Sahani ilipofika nusu, akauliza:

"Mashine ilikuwa ipi?"

"Kale kadogo. Nyuma ya ndoo."

Akatafuna polepole, akameza. Kisha akafungua kinywa tena.